"Ni Vumbi Tu": Neno Linalotuponza

Mwezi wa Februari, jua likiwa kali na mvua za masika bado hazijaanza, nilikwenda Mbagala, Wilaya ya Temeke, Dar es Salaam. Nilishuka kwenye daladala katika Barabara ya Kilwa, nikaingia mtaa wa ndani kwa miguu. Barabara ya mtaa ule ni ya udongo. Kila bajaji ikipita, vumbi linainuka mpaka usawa wa paa, halafu linashuka polepole juu ya watu, nguo na vyakula.

Kando ya barabara alikaa mama mmoja mtu mzima akikaanga mihogo. Pembeni yake, juu ya kanga, alilala mjukuu wake.

"Shikamoo, mama," nikamsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu mihogo."

Wakati nakula nikamsikia mtoto anakohoa. Nikamwuliza mama, "Mjukuu anakohoa tangu lini?"

Akajibu, "Siku ya nne leo. Lakini ni vumbi tu, mwanangu. Mvua ikinyesha kitatulia."

Nikamwomba tumfunue mtoto kifua. Tukahesabu pumzi zake kwa saa ya simu, dakika moja nzima. Zilikuwa 56. Mtoto yule alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto wa umri huo akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika, hali ametulia na anakohoa, ni lazima apelekwe kwa mganga siku hiyo hiyo. Mama aliacha mihogo kwa jirani, tukaenda zahanati. Mtoto alikuwa na homa ya mapafu, yaani nimonia. Alipewa dawa, akapona. Kama bibi yake angengoja mvua, huenda tungesema mengine leo.

Ndugu msomaji, simcheki mama yule. Mimi na wewe tunasema hivyo hivyo. Tukikohoa, ni vumbi tu. Macho yakiwasha, ni vumbi tu. Jirani akichoma takataka, ni moshi tu. Kwa maoni yangu, hilo neno "tu" ndilo la kuliondoa kwanza. Mtu hapigani na kitu anachokiita "tu".

VUMBI LINAINGIAJE MWILINI

Vumbi si la aina moja. Kuna chembe kubwa na chembe ndogo. Chembe kubwa tunaziona. Zinanaswa na vinyweleo vya puani na kamasi. Ndiyo sababu ukitembea kwenye vumbi kamasi yako huwa nyekundu au nyeusi. Hapo pua imefanya kazi yake.

Chembe ndogo ni jambo lingine. Chukua rula ya mwanafunzi. Tazama nafasi ndogo kabisa iliyo kati ya mistari miwili. Hiyo ni milimita moja. Fikiri kwamba umeigawa mara 100. Chembe yenye ukubwa huo inaweza kupita puani na kooni na kuingia kifuani. Fikiri sasa kwamba umeigawa milimita hiyo mara 400. Chembe ya ukubwa huo inafika ndani kabisa ya mapafu, mahali ambapo hewa hukutana na damu. Chembe ndogo zaidi ya hizo huweza kuingia katika damu yenyewe. Moshi wa kuni, wa mkaa, wa takataka na wa magari umejaa chembe hizi ndogo.

Kwa hiyo vumbi na moshi haviishii kwenye kikohozi. Vinazidisha pumu. Vinawafanya watoto wapate homa ya mapafu kwa urahisi. Kwa watu wazima, chembe ndogo zikivutwa miaka mingi huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu, ya nje na ya ndani ya nyumba, huhusika na vifo vya watu wapatao milioni 7 kila mwaka. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba mkoa mzima wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Pima mwenyewe ukubwa wa jambo hili.

Watoto wadogo ndio wanaoumia kwanza. Wanapumua haraka kuliko sisi, mapafu yao bado yanakua, na vimo vyao ni vifupi. Pua zao ziko karibu na ardhi, mahali vumbi linapoanzia.

VUMBI LETU LINATOKA WAPI

Wengine husema vumbi ni kazi ya Mungu, huletwa na upepo. Ni kweli upepo hulibeba. Miezi ya Januari na Februari upepo wa kaskazi huvuma na ardhi ni kavu. Miezi ya Julai mpaka Septemba ni zamu ya kusi. Lakini upepo hauwezi kubeba kilichoshikwa. Hubeba kile tulichokiacha wazi.

Mwaka 1978 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 843,090. Sasa umepita milioni 5. Mahali palipokuwa mashamba ya mihogo, mikorosho na minazi, kama Bunju, Goba, Mbagala na Chamazi, pamejaa nyumba. Watu walitangulia, barabara za lami zikafuata polepole. Miti ilikatwa, majani yakang'olewa, udongo ukabaki uchi. Juu ya udongo huo sasa yanapita magari, bajaji na pikipiki mchana na usiku.

Tena kuna malori ya mchanga na kokoto yanayopita bila turubai. Kuna ujenzi wa nyumba na barabara. Kuna moshi mweusi wa magari makuukuu katika Barabara ya Kilwa na Barabara ya Bagamoyo. Kuna takataka zinazochomwa kila asubuhi. Kuna mkaa na kuni jikoni.

Orodha hii yote ni ya vitu vinavyofanywa na watu. Hilo lisituvunje moyo. Kilichofanywa na watu, watu wanaweza kukipunguza.

WAVUNJA MAWE

Sasa twende upande wa pili wa mji, Kunduchi, Wilaya ya Kinondoni. Huko kina mama na vijana hukaa juani wakigonga mawe kwa nyundo wapate kokoto. Kokoto hizo ndizo zinazojenga nyumba za mji. Mvunja mawe hulipwa kwa ndoo au kwa lori. Vumbi analovuta halipimwi na mtu.

Vumbi la mawe lina hatari yake. Mawe mengi yana kitu kiitwacho silika. Mawe magumu yanayong'aa kama kioo ndiyo yenye silika nyingi zaidi. Vumbi la silika likiingia kwenye mapafu halitoki. Linayafanya mapafu yawe magumu, yenye makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Tena mwenye silikosisi hupata kifua kikuu kwa urahisi kuliko mtu mwingine. Wachimbaji wa tanzanaiti wa Mirerani, mkoani Manyara, wanaujua ugonjwa huu. Wengi wao wametibiwa hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ambayo imehudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu mwaka 1926.

Sisemi wavunja mawe waache kazi. Atakayewaambia hivyo awaonyeshe kwanza watakula nini. Nasema waanze na mambo manne. Lowesha jiwe kwa maji kabla ya kuligonga, maana jiwe bichi halitoi vumbi jingi. Kaa upande unakotoka upepo, ili vumbi likimbie mbali nawe. Usimlete mtoto kwenye mawe. Na ukikohoa wiki mbili, nenda kapimwe kifua. Kitambaa ulichofunga usoni huzuia chembe kubwa tu. Zile ndogo hupita, kwa hiyo usikitegemee peke yake.

WAKATI GANI SI VUMBI TU

Ndugu msomaji, kata kipande hiki cha gazeti ukibandike ukutani.

Mtoto anayekohoa umhesabie pumzi dakika nzima, akiwa ametulia, asiwe analia wala kunyonya. Mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 au zaidi ni hatari. Mtoto wa mwaka 1 mpaka 5, pumzi 40 au zaidi ni hatari. Ukiona hivyo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Usingoje hata kuhesabu ikiwa kifua chake kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au amepata degedege, au amelegea sana. Mkimbize hospitali.

Mtu mzima akikohoa wiki mbili au zaidi, akatoka jasho usiku, akakonda, au akakohoa damu, akapimwe kifua kikuu. Matibabu ya kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Mtu anayebanwa na kifua na kusikika akikoroma kama filimbi huenda ana pumu. Pumu haiambukizi na si ya kulogwa. Ina dawa ya kuvuta kwa mdomo, na mwenye dawa hiyo aende nayo kila mahali siku za vumbi.

Mganga akisema ni mafua ya kawaida, hujapoteza kitu. Umepata kujua.

TUFANYE NINI NYUMBANI

Kwanza, usifagie ukiwa pakavu. Nyunyiza maji kidogo. Hata maji uliyofulia yanafaa. Ndani ya nyumba, pangusa kwa kitambaa kibichi badala ya kupiga vumbi kwa ufagio. Asiyekuwa na maji ya kutosha afagie asubuhi mapema, udongo ukiwa na umande, watoto wakiwa mbali.

Pili, rudisha majani uani. Najua hapa wazee watanishangaa. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" ilifikia watu wapatao milioni 2 nchini kwetu, kwa redio na vikundi vya kujifunza. Tulifundishwa kuchimba vyoo na kusafisha mazingira ya nyumba zetu. Mafunzo yale yalikuwa mazuri, na vyoo vile viliokoa watu. Lakini wengi wetu tulichukua usafi kuwa ni kung'oa kila jani mpaka ua uwe kipara. Kufyeka si kung'oa. Ukoka uliokatwa ukawa mfupi hauwi maficho ya nyoka, na mizizi yake hushika udongo. Panda ukoka. Upande wa barabara panda michongoma au mwarobaini, majani yake yatapokea vumbi kabla halijafika mlangoni.

Anayedhani majani ni kitu kidogo akumbuke Kondoa, mkoani Dodoma. Huko mifugo ilikuwa mingi na miti ilikatwa, ardhi ikabaki tupu, ikapasuka makorongo. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioitwa HADO. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika. Halikuwa jambo jepesi kwa wafugaji. Lakini ardhi ilipopumzishwa, majani na miti vilirudi. Kama ilivyowezekana katika eneo kubwa kama lile, inawezekana katika ua wako.

Tatu, tusichome plastiki. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa na vifungashio vya nailoni bado vimejaa mitaani. Wengine huwashia mkaa kwa kipande cha nailoni kwa kuwa kinashika moto haraka. Moshi wake ni sumu, na anayeinama kuupuliza ndiye anayeumeza. Washia kwa vijiti vikavu au kifuu cha nazi.

Nne, jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulihusika na vifo vya watu milioni 3 na laki 2 duniani. Kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mwenye uwezo wa gesi au umeme atumie. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, na lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 8 katika kila 10 wawe wanapika hivyo. Lakini mtungi wa gesi una bei yake, na leo ni lazima tule. Basi pika mahali penye hewa. Tumia kuni kavu. Washa mkaa nje mpaka moshi uishe. Usipike na mtoto mgongoni. Na kamwe usiweke jiko la mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa unapolala. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke.

TUDAI NINI

Hapa ndipo ninapotaka kusema kwa nguvu zaidi. Si haki kumwambia mama wa mihogo afagie vizuri, halafu lori lipite bila turubai. Si haki kumlaumu anayechoma takataka ikiwa gari la taka halijaonekana mtaani mwezi mzima. Mambo ya nyumbani ni yetu. Lakini kuna mambo ambayo mtu mmoja hayawezi, na hayo tuyadai pamoja.

Mara nyingi tunapoomba lami tunaomba kwa ajili ya magari. Tunasema gari linaharibika, nauli inapanda, bidhaa zinachelewa. Ni sawa. Lakini katika mkutano wa mtaa simama useme pia: "Tunataka lami kwa ajili ya vifua vya watoto wetu." Kama fedha ya lami haijapatikana, yapo ya kufanya wakati tunangoja. Barabara inyunyiziwe maji siku za kiangazi, hasa karibu na shule, zahanati na soko. Yawekwe matuta, maana gari likienda polepole huinua vumbi kidogo. Malori yafunikwe turubai. Mkandarasi amwage maji mahali anapojenga. Taka zizolewe kwa siku zinazojulikana.

Haya si maombi ya hisani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Mwaka 2007 zikatungwa kanuni za viwango vya ubora wa hewa. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, kisha afisa afya wa kata, kisha halmashauri. Jambo likiwa kubwa, kama la kiwanda au machimbo, ipo taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira. Nenda na barua. Andika tarehe, mahali, na jambo mliloliona. Sainini wengi. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika, kalamu yako ni ya kazi hii.

Na wewe uliye kijijini, usidhani habari hii ni ya watu wa mjini. Mbagala na Bunju zilikuwa mashamba jana tu. Kijiji chako kitakapokua, kumbuka kuacha miti kando ya njia, na msing'oe majani yote. Ni rahisi kulinda udongo uliofunikwa kuliko kuufunika uliokwisha kuwa uchi.

Mwezi uliofuata nilipita tena kwa yule mama wa Mbagala. Alikuwa amehamisha kikaango chake hatua kumi kutoka barabarani, nyuma ya mwarobaini. Mihogo aliifunika kwa kifuniko. Mjukuu alikuwa akicheza nyuma ya nyumba. Nikamwuliza kama biashara imepungua kwa kuhama. Akasema wateja wamemfuata, maana mihogo sasa haina mchanga. Kisha akainua mkono kuonyesha barabara. "Mimi nimehama, mwanangu," akasema. "Hiyo nayo itahama lini?"

Swali lake tulijibu sote.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika mtaa au kijiji chenu, vumbi na moshi vinatoka wapi? Tajeni sehemu tatu.
2. Mtoto wa miaka miwili anakohoa na anapumua mara 45 kwa dakika. Mtafanya nini, na lini?
3. Ni jambo gani moja mnaloweza kuanza wiki hii nyumbani, bila kungoja mtu?
4. Ni jambo gani moja mtakalolipeleka kwenye mkutano? Nani ataandika barua?